Kifungu cha Saba

Ramani imelaliwa na vikombe.
Kalamu tatu: nyekundu ya biashara,
manjano ya makazi, na kijani, wino umekauka,
basi bustani tumeziacha mpaka kesho.

Lali asoma rasimu, tuliyoiazima bara:
«Kila nyumba iwe na maegesho ya magari mawili.»
Tukacheka hadi kahawa ikamwagikia Langoni.
«Andika punda,» akasema Shekuwe,
nami katibu nikaandika: punda wawili.

Kisha likaja wikio la Bi Mwanaesha,
chumba kilichokaa juu ya njia,
ubavu mmoja kwake, wa pili kwa bintiye.
Chini hupita kila mtu na mzigo wake.
Juu amelala mjukuu.
Tukipake rangi gani?

Saa nzima.

Mwenyewe alikuwapo, amekuja kwa mambo ya karo la maji.
Akagonga karatasi kwa ukucha wenye hina:
«Nyinyi mwapima ardhi. Ile ni hewa,
na hewa ile jirani alitupa kwa neno, siku ya harusi.
Risiti sina.»

Kifungu cha saba kimebaki wazi.
Baada ya wote kuondoka
nimechora nukta nukta juu ya njia,
nafasi ya kumtosha mtoto
kujigeuza usingizini.