Ndoo

Siku ya kwanza niliingia Kuze na maswali thelathini na mawili,
tableti yenye chaji, kitambulisho shingoni,
na Kiswahili changu cha Wundanyi kilichopigwa pasi darasani.
Bi Mwanamize akachungulia dirishani, ghorofani.
"Ndoo!" akaniita.
Nikatazama huku na huku.
Chini ya ngazi palikuwa na ndoo ya buluu, imepasuka ukingo.
Nikampandishia.
Alicheka hata leso ikamwanguka kichwani:
"Mwanangu, nakwambia uye, sikukwambia ulete."

Wenyewe huku husema ndia, husema ndaa,
na mimi nimetumwa kuja kupima njaa
nisijue inavyoitwa nyumbani kwake.

Swali la tano: Je, kaya hii ina maji?
"Maji yapo," akasema, akigeuza mahamri.
Nikagusa *ndiyo*, nikahamia la sita.
Yapo, yako, yamo:
tuliyaimba shuleni kama kasuku, nikapata tisini.
Sikusikia kwamba hakusema *tunayo*.

Yapo kwenye mkokoteni wa Nzaka, kwa bei ya Nzaka.
Yapo kisimani, ya chumvi, ya kuoshea ngazi.
Yapo mferejini saa tisa za usiku, siku asiyoijua mtu,
mfereji ukikohoa kwanza, mara mbili,
na yeye amelala, sikio moja liko macho.

Hayo niliyapata siku ya nne.
Stima zilikatika mtaa mzima, tableti ikafa mkononi,
nikabaki nimekaa kama mgeni aliyesahau alichojia.
Akanisukumia mbuzi na kifuu cha nazi.
"Kuna."
Nikakuna.
Hakuna aliyemuuliza lolote, na maneno yakaanza kuja,
moja, kisha kimya, kisha matatu kwa pamoja.

Swali la nane lilikuwa limeshapita zamani:
Watu wangapi hulala nyumba hii?
Alipangusa unga vidoleni, kimoja baada ya kimoja.
"Andika watano."
Nikaandika watano. Nikamshukuru, tena kwa adabu.

Sasa, baada ya magharibi, kwa mwanga wa kibatari,
akatandika mkeka, akapanga vikombe.
Nilihesabu kwa mazoea ya kazi. Watu wa nyumba watano,
mimi nimeletewa glasi ya wageni,
na vikombe ni sita.
Cha sita akakimimina chai, akakifunika kwa kisahani.
Wajukuu wakapitisha mikono kando yake
kama mtu apitavyo kando ya aliyelala.

Swali lilinijia mdomoni, limeiva, lina alama yake ya kuuliza.
Nikalimeza na chai.
Iliniunguza.

Muda ukapita. Akasema, hanitazami:
"Twahiri hupenda tangawizi nyingi."

Hupenda.
Nilikaa na hiyo *hu* usiku kucha.

Ofisini Tudor, Daktari Mghoi anataka kujua
mbona swali la nane nimelifuta mara tatu.
Kisanduku, anasema, hakipokei ila nambari.
Ni kweli. Nimejaribu.

Leo asubuhi nimepita tena chini ya dirisha.
"Ndoo!"
Nikapanda. Katikati ya ngazi nikasimama,
nikarudi chini kuichukua ile ya buluu,
maana nyuma ya ukuta
mfereji ulikuwa umekohoa, mara moja.