Jumatano kwa Ña Eulogia

Hana kibao mlangoni. Ana kengele ya baiskeli
iliyopigiliwa kwenye fremu,
na atakayeipiga mara mbili
hafunguliwi upesi.

Nilikwenda na miaka arobaini na saba,
gitaa la shemeji yangu, na mikono hii
inayonuka gesi ya mafriji ya Encarnación nzima.
Akaishika, akaigeuza kama anayenunua samaki.
"Hiki," kidole cha pete, "kina kiburi.
Hiki kidogo, mvivu. Gumba lako ni fundi bomba."
Kisha akatwaa tupa, akanichonga kucha
moja baada ya moja, kimya,
kama anachonga ufunguo wa nyumba yake mwenyewe.

Mwezi mzima hakuniruhusu kubana uzi.
Gumba tu: wa sita, wa tano, wa nne,
wa sita, wa tano, wa nne,
naye kanipa mgongo, anamenya mihogo jikoni,
na huko huko, bila kugeuka:
"Bega." Nashusha bega.
"Pumzi." Kumbe nimeibana tangu nilipoketi.
"Huo wa nne umeuomba radhi. Usiuombe radhi. Uite."

Nilitaka wimbo. Nani hataki wimbo?
Mke wangu Ramona aliuliza, "Umeshajua upi?"
Nikasema, "Nimejua kukaa."
Alicheka hadi akashika meza.

Halafu Jumatano moja ya Januari, joto la kupasua vigae,
alinifungulia na uso wa msiba.
"Friji langu. Tangu Jumapili limeshuka nusu sauti."

Nikaliweka gitaa,
nikalala ubavu kwenye sakafu yake,
sikio kwenye bati, macho nimefumba.
Dakika ngapi, sijui.
Feni ilikuwa inakwaruza; chini yake, mbali,
kompresa inavuta kama punda mwenye mzigo usio wake.
Sikuwa nimegusa hata bisibisi.
Nilipoinuka, alikuwa kasimama na kisu na muhogo,
kasahau kumenya.

"Nani alikufundisha hivyo?"
"Vipi?"
"Hivyo. Kunyamaza kabla ya kushika."

Hakuna aliyenifundisha.
Ni woga tu wa kuharibu kitu cha watu.

Akanipakatisha gitaa papo hapo, mafuta mikononi.
"Basi hiki nacho ni kitu cha watu."

Nilingoja chumba kimalize kusema:
feni, mbwa wa jirani,
barafu ikipasuka ndani ya pembe yake ya mate.
Kisha uzi wa nne nikauita.

Ukaja.

Hakusema vizuri. Hajawahi kusema vizuri.
Alisema, "Tena,"
na sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo,
nusu tu.

Feni mpya nilimtilia bure. Bure akaikataa.
Tukagombana saa nzima, saa yangu ya somo,
na mwishowe alinidai elfu hamsini za saa hiyo,
nami nikazitia kwenye kopo la biskuti, kama kawaida.

Nyumbani, usiku, friji letu linavuma
mahali fulani kati ya noti mbili.
Ramona anasema ni kelele.
Gumba langu, juu ya shuka,
bado linauliza.