Chini ya Tumbo la Barafu

Tunaingia kwa mlango wa chuma ubavuni mwa mlima,
Torgunn mbele, mimi nyuma na toroli la mabomba.
Kilomita moja na nusu za handaki, matone shingoni,
kisha ngazi, kisha baridi yenye uzito wa gunia.
Juu yetu, mita mia mbili za barafu.
Yeye husema "mia mbili" kama atajaye umri wa mama yake.

Kwa maji ya moto tunaichimba. Kutwa nzima bomba linanguruma
mpaka kipatikane chumba cha watu wawili wembamba:
dari ya buluu, sakafu ya mwamba uliosuguliwa,
na katikati ya sakafu, nundu
isiyozidi goti. Ndiyo tuliyoifuata.

Watu wa bondeni hudhani barafu huteleza
kama mtoto aliyekalia sinia.
Laiti.
Inashuka ikikwaruza, changarawe zimo katika nyayo zake.
Ikifika kwenye nundu inaegemea. Inaegemea.
Pale inapobanwa zaidi inatoka jasho,
utando wa maji usiotosha kulowesha kidole,
unaopita ubavuni mwa jiwe kimyakimya
kama mdeni apitaye nje ya duka;
na huko nyuma, mbano ukilegea,
maji yanaganda tena, yamerudi kwao.

Hivyo hupitwa vijiwe vidogo. Kwa jabali
barafu hujipinda, hujinyumbua
kama donge la unga lililosahauliwa mezani,
na kwenye kisogo cha jabali huacha uwazi
wa kutosha mkono mmoja.
Dari yote ina michirizi:
kila jiwe lililopitwa liliacha kucha zake humo.

Saa mbili usiku nilipigilia kigingi darini.
Saa mbili asubuhi kilikuwa kimehama
sentimita nne na nusu.
Torgunn aliandika kwa penseli; wino hapa hugoma.
Chumba nacho kilikuwa kimepungua.
Nilisimama nikiinamisha kichwa, kama mgeni
aliyekuta mlango wa wenyeji mfupi.

Tulipofika kwenye toroli nikaona mkono wake mtupu.
Glovu moja tu, ya sufi ya kijivu,
ile aliyoifuma Eilert majira yale ya hospitali,
kidole gumba kirefu kupita kiasi.
"Umeiacha nyuma ya nundu," nikasema. "Turudi."
Dari ilikuwa inalia kwa sauti ndogo, tik, tik.

Akapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la ukuta.
Toka hapa hadi ziwani, kilomita mbili.
Sentimita tisa kwa siku.
"Miaka sitini na moja," akasema,
"kama barafu yenyewe itakuwapo."

Kisha akauficha mkono mfukoni
akasukuma toroli kwa ule mwingine,
likawa linakwenda upande.