Daftari la Salfa

Mwalimu Chinguile alifundisha hesabu Mnara, juu Rondo,
na mngwa alimsoma jioni, kwa muda wake mwenyewe,
wenzake wakicheza bao.

Hakusema yupo. Hakusema hayupo.
Alichora safu tatu: Aliyeona. Aliyesikia. Aliyeambiwa.
Safu ya tatu ilijaa, ikavuka jalada,
ikaendelea nyuma ya kalenda ya chama cha msingi.
Safu ya kwanza ilikuwa na jina moja.

Msimu wa kupuliza mikorosho alimwaga salfa chini,
shambani kwa shemeji yake, akaisawazisha kwa ufagio
ikalala laini, manjano tupu,
ili apitaye usiku aache sahihi.
Alfajiri tulikwenda na rula na kurunzi.
Yeye akisoma, mimi nikiandika:
ngawa, mmoja, ana haraka.
Mbwa wa kina Mtauka.
Kanga, wengi, hawana adabu.
Raba, namba tisa, kisigino cha kushoto kimelika.
Akatazama mguu wake.
Akasema: andika hivyohivyo.

Chama kikamwita. Salfa ya ruzuku hii, mwalimu,
wewe unamtandikia mnyama wa hadithi?
Alilipa kwa awamu tatu, akadai risiti,
risiti akaibandika daftarini,
ukurasa wa Ushahidi.

Lile jina moja ni Somoe Namkopi,
aliyefuata mbuzi bondeni akarudi na kamba.
Mara ya kwanza alisema: mkubwa kama punda,
rangi ya majivu, mistari ya paka shume.
Mwaka wa pili: kama ndama.
Mwaka wa tano, macho yake yameshaingia ukungu:
labda kama mbwa, mwanangu, mbwa mkubwa,
ila hakuwa mbwa.
Watu wakacheka. Mwalimu alinoa penseli.
Uongo, aliniambia njiani, hunenepa kila ukisimuliwa.
Huu unakonda.
Kinachokonda hivi kiliwahi kuwa na mifupa.

Nywele nne ndani ya kiberiti zilikwenda Dar es Salaam,
zikarudi tatu, na barua: Sampuli haitoshi.
Aliipenda barua ile kuliko cheti chake cha ualimu.
Haitoshi, alisema, si sawa na hakuna.

Daftari sasa ninalo mimi, karani wa wanyamapori.
Fomu ya wilaya inauliza tembo, nguruwe, ngedere,
ekari zilizoliwa, jina la mlalamikaji.
Chini kabisa, mstari mwembamba: Mengineyo.
Kila robo mwaka kalamu husita pale,
kisha naandika sifuri,
sifuri ya mtu aliyefundishwa hesabu na Chinguile,
mviringo usiofunga vizuri.

Jana tumepuliza.
Leo nimeamka kabla ya adhana, nikaenda chini ya mikorosho.
Sikuwa natafuta kitu.
Nilichukua rula tu.