Unene wa Barafu

Kondo hunitumia sauti saa kumi za alfajiri.
Kwake ni jioni, tena jioni ya jana,
ndiyo maana namtania kuwa mimi ni dada yake wa kesho.
Namsikiliza huku nafunga barafu,
za ubuyu, za ukwaju, na zile nyeupe za maji matupu
wanazonunua mama ntilie wa Kigogo.

Yeye huendesha lori juu ya ziwa.
Siyo pembeni mwa ziwa, siyo darajani:
juu yake. Kanada ya juu kabisa, ambako
maji hukaza mgongo miezi ya baridi
na watu hupitisha dizeli, unga, mbao, hata jeneza,
kwenda vijiji ambavyo kiangazi havina njia.
Wanatoboa kwa keekee, wanapima.
"Shibri tano, dada, ndipo lori hupita."

Mwaka alioajiriwa walivuka kabla ya Krismasi.
Sasa Januari inakatika
wamekaa kambini wanacheza karata.
Barafu ina shibri tatu
na chini yake, anasema, maji yanaguna.
Malipo ni kwa safari. Safari hakuna.
Elfu hamsini ya mama haikuja mwezi ule, wala uliofuata.
Bei ya joto la ugenini
nimeisoma dukani kwa Mangi, kwenye daftari la madeni.

Kuyeyuka nakujua, mimi. Usinifundishe.
Umeme ukikatika asubuhi mpaka magharibi
barafu haipigi kelele.
Inaanza pembeni, inatoa jasho,
inajigeuza ndani ya mfuko kama mtu usingizini,
halafu unakuta ubuyu mwekundu umetambaa sakafuni
na sisimizi wameshapata habari.

Anasema na ardhi ya huko ni hivyo hivyo.
Iliganda kabla ya babu wa babu zao,
wakajenga juu yake wakidhani mwamba.
Leo nyumba yake imeinama upande wa jikoni;
ukiweka yai mezani, linakwenda lenyewe.
Mlango ulikataa kufunga, akaukata kipande chini.
Baridi inaingia hapo kama mpangaji.

Aprili, Msimbazi ukaja kwetu bila hodi.
Nilitoka na mama mgongoni, friza nikaiacha inaelea,
inagonga ukuta, du, du,
kama mtu aliyesahauliwa ndani.
Wiki mbili tulilala darasa la tatu B
chini ya jedwali la kuzidisha.

Agosti, msitu wa Kondo ukawaka.
Mji mzima ukaambiwa uondoke, na barabara ni moja.
Akalala kwenye shule, juu ya mkeka wa mazoezi,
akatuma picha ya ukutani:
jedwali la kuzidisha.
Saba mara nane ni hamsini na sita, hata huko.

Mama aliitazama, kisha:
"Mwenzako akinyolewa, zako tia maji."
Nikamwambia, Mama, zetu zilitiwa maji Aprili,
yakafika kiunoni.
Akacheka mpaka akakohoa.
Hatukujua nani alinyolewa kwanza,
wala wembe kaushika nani.

Friza imepona. Fundi Mwarami kabadilisha mota.
Ukutani ile X nyekundu haijafutika,
na chini yake mstari wa tope, umenyooka kama wa rula.
Novemba hii nikampigia Kondo picha ya barafu ya kwanza.
Kwa mazoea ya kazi akauliza:
"Unene?"
Nikapima. Vidole vitatu.
"Haibebi lori."
Haibebi, nikamjibu. Inabeba daftari za Sauda,
nusu kilo ya mchele, na LUKU ya kesho.

Akanyamaza. Nikasikia upepo wa kwake,
na kitu kikidondoka kutoka paani,
tone, halafu tone,
Novemba, huko.