Utenzi wa Kadi ya Picha

Harusi yake Zuwena,
siku saba za kufana,
nilizipiga kwa kina
toka vugo hadi ndani.

Kwa kuwa ni mwanamke
naitwa mimi, nifike,
kamera yangu nishike
penye hina na ubani.

Kupiga ni nusu kazi,
kuhariri ndio uzi,
na mashine siku hizi
yakoroma zidakani.

Naiagiza itoe
dakika tano, ikae;
nami macho nikodoe
kuche, ingali tisini.

Mara umeme huzima,
kazi yote ikakoma,
nikarudi tena nyuma
mwanzo, pale sifurini.

Mwezi wa tatu kufika
Zuwena akaachika;
mkanda haujatoka,
naenda kwa uso gani?

Mamake, Bi Mwanashee,
akacheka: "Mwangalie!
Talaka impitie,
yeye angali njiani!"

Nikahesabu kibindo,
nikasema: "Huu mwendo
hauponi kwa vishindo;
dawa ni kadi tumboni."

Mdogo wangu Famau,
mchezaji wa makuu,
akaruka juujuu:
"Nami nimo shirikani!"

Aliuza simu yake
na viatu viso vyake;
tukakusanya, zifike,
kwa shida, elfu sitini.

Ye ataka fremu mia
kwa sekunde, na murua
wa majani na mvua
na vivuli vya vitani.

Mimi, kumbukumbu pana,
mikanda kupachikana,
rangi ya dhahabu, hina,
isichakae machoni.

Tukashinda kwenye namba
za wati, gigi, za kamba:
kadi ipi ndiyo mwamba,
ipi sifa za dukani?

Wa Mombasa akajibu:
"Kubwa! Bei ya karibu!"
Kumbe mchimba dhahabu
wa zile pesa hewani,

mchana kutwa, usiku,
miaka miwili, huku
feni zalia ja kuku
aliyekabwa shingoni.

Punda wa soko huoshwa,
akachanwa, akalishwa;
kesho jiwe akitwishwa
huvunjika magotini.

Famau akaonyesha
moja mpya ya kutisha:
feni tatu, inawasha
taa saba ubavuni.

Nikashuka na utepe
wa kushonea, mweupe,
nikapima, nisilipe
kiatu si cha guuni.

Sanduku letu la bati
urefu wake ni futi;
kadi nayo, ja kabati,
ingebaki barazani.

Na mtambo wa umeme,
mia nne tu, ukome;
kadi hiyo iwanyime
taa watu wa Langoni?

Akanuna siku mbili,
hali mofa wala wali.
Nikamwambia ukweli:
nguo hupimwa mwilini.

Tukachukua ya kati,
feni mbili, chache wati,
si pepo wala maiti,
kumbukumbu tele ndani.

Ikaja toka Mokowe
imefungwa, isilowe,
mpagazi asijuwe
abebacho kikapuni.

Vumbi la miaka sita,
la chumvi, tukalifuta;
mswaki nao kapita
taratibu mapengoni.

Ikalia "ka!" kukaa;
tukawasha, ikang'aa.
Famau akashangaa
ukimya wake chumbani.

Zamu zetu: hadi Isha
ye acheza, nikipisha;
kisha ni mimi hukesha
na maharusi kitini.

Nikibandika birika,
kabla maji kuchemka
filamu yote yatoka,
yanisubiri mezani.

Juzi nasikia hodi:
Zuwena, kajaa udi,
kaleta kadi, waridi,
ya harusi, mkononi.

"Huyu," kasema, "wa kwangu.
Njoo upige, mwenzangu,
uwahi mkanda wangu
nikiwa bado ndoani."

"Na ule wa kwanza?" "Kata
bwana; nyanya akipita
umwache; sitampata
tena humu duniani."

Famau kanipa zamu
wala hakunilaumu;
nyanya katoka, kadumu,
anacheka kiooni.

Kila unyuzi wa kanga,
kila jasho, kila shanga,
vyaenda bila kutanga,
na feni, kimya, pembeni.