Una Mkia?

Muuzaji wa Barabara ya Kumi na Mbili
kanipangia vitatu juu ya kioo:
hiki kina sauti ya kike, hiki hunusa foleni,
hiki kinajua kila kichochoro cha Ngamiani.

Sikuulizi vichochoro, ndugu yangu.
Kinajua kuwa nina mkia?
Mita sita za tela, kitanda na jiko ndani,
vikombe vya Mwantumu vimeviringwa magazeti.

Juzi simu ilisema, "Pinda kushoto."
Tukapinda, tukazama kwenye mkonge nyuma ya Pongwe,
njia ikakonda, ikawa ya baiskeli,
ikaishia mtaroni.
"Umefika," ikasema.

Nusu saa kinyumenyume,
usukani kulia, tela kushoto,
Mwantumu nje anagonga bati:
moja, njoo;
mbili, simama, utaniua!

Basi nipe kinachouliza kabla hakijajibu.
Urefu wako? Uzito wako?
Daraja hili litakubeba?

Akakuna kidevu. Kipo, ila bei yake imechangamka.

Tumekiwasha hapo hapo, kando ya muuza kachori.
Kinataka kujua navuta nini.
Nimeandika: tela.
Mwantumu kachungulia begani:
"Na mimi je? Niandike."